Tamko la Afya la Kidawa Mhina

1

Semboja alipiga hodi nikiwa naanua nguo, akaingia kabla sijaitika, kama kawaida yake. Ni binamu wa mume wangu. Zamani aliuza simu, kisha akauza vyandarua, sasa anauza bima ya safari ya Mirihi.

"Shemeji, karatasi hii hapa. Ukurasa mmoja. Jina, dole gumba, kwisha. Ijumaa unafunga tamko, Jumatatu mnapanda."

"Hawaulizi kitu?"

"Si ndiyo raha yake?" Akaimba kwa sauti ya tangazo la redio: "Bima Twende, hatuulizi, unapanda!"

Mwanangu alikuwa amelala chali kwenye mkeka, macho kayafumba. Alicheka bila kuyafumbua. Ule ulikuwa mchezo wake tangu tulipopata nafasi kwenye chombo: analala, anahesabu mpaka nane, kila hesabu ni mwezi mmoja, kisha anaruka juu na kusema, "Shikamoo baba!" Alikuwa akifika kwa baba yake mara ishirini kwa siku.

Niliketi kizingitini nikaisoma karatasi. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha kwamba mkataba husomwa kuanzia chini, kwa sababu juu ndipo wanapokuchekea. Nikaanzia chini. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. *Kampuni haitahusika na kumbukumbu za mwili.*

"Semboja, hii maana yake nini?"

"Ipi?"

"Kumbukumbu za mwili."

"Aa, hayo maneno ya wanasheria. Kwani shemeji una mtihani kesho?"

Mwili ukipozwa hukumbuka. Hilo hata watoto wa shule wanalijua siku hizi. Wale wasafiri wa kwanza walilazwa wazima, wakapozwa mpaka moyo ukawa unapiga mara moja kwa dakika, na huko kwenye baridi miili yao ikaanza kurudia kila ugonjwa iliowahi kuugua. Surua ya utotoni. Homa ya mwaka aliooa. Mzee mmoja wa Muheza aliamka na mguu umevimba pale pale ulipovunjika akiwa na miaka tisa. Magonjwa yanarudi moja moja, kwa mpangilio yaliyokuja nao, kama wageni wanaoijua nyumba. Kwa hiyo kitanda cha chombo kinatayarishwa mapema: kwa ugonjwa huu dawa hii, mwezi huu. Kitanda chenyewe hakijui kupima. Kinatii. Ulichotamka kwenye bima ndicho kinachokijua, na usichotamka kitakukuta huko peke yako.

"Wangapi wamesafiri na Twende?" nikamuuliza.

"Wengi mno."

"Wameamka wangapi?"

"Shemeji, wewe mkali." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi, pale chini. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuangalia pale. Akaiacha mezani, kaibana na kopo la chumvi, akaenda zake.

Vioo vya madirisha vikaanza kulia. Ilikuwa Jumanne, siku ya chombo cha mizigo kupaa kutoka pwani. Siku hizi Korogwe hakuna anayeinua kichwa kukitazama. Nikaendelea kukunja nguo. Nilikuwa nakunja gauni lile lile kwa mara ya tatu.

2

Wakala wa Amana ya Wasafiri, kampuni nyingine ya bima, alikuja Jumatano, kwa miguu kutoka stesheni. Anaitwa Ester Kihiyo. Aliomba maji kabla ya kuketi, akavua viatu mlangoni, na hilo lilimpendeza mama mkwe wangu, aliyekuwa karibu na mlango akichagua mchele kwenye ungo.

Ester alitoa kwenye mkoba kitu cha mviringo, ukubwa wa kifuu cha nazi, cheusi, chenye joto kidogo.

"Huyu ni msikilizaji," alisema. "Mshike mikononi, Mama Kidawa. Usimwogope, hachunguzi uongo. Anasikiliza tu. Utakachomwambia ndicho kitakachokwenda kwenye kitanda cha mtoto."

Mwanangu akasogea kuchungulia. Nyumbani tunamwita Mdogo.

"Mke mwenzangu," bibi yake akamwambia, "toka hapo, unanizibia mwanga."

"Nenda kaote jua huko nje, mke mkubwa."

"Unaona jeuri? Mume amekufa, mimi bado nateswa na mke mdogo."

Ester akacheka. Mimi nikamshika msikilizaji. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtulivu, kama nesi mwenye adabu.

"Anayesafiri ni nani?"

"Kidawa Mhina. Na mimi mama yake, Sikudhani."

"Kidawa ni mtoto wako wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Ni jibu nililolitoa miaka mitano. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia marahaba.

"Naomba mtoto anijibu. Kidawa, una miaka mingapi?"

"Saba!" akasema Mdogo kwa nguvu, akainua mkono wake juu, vidole vitano vimetanuka.

Nilikuwa nimeufundisha mdomo. Mkono niliusahau. Ester aliutazama ule mkono, kisha akanywa maji yake taratibu, mpaka yakaisha.

"Nitasoma yaliyomo kwenye kadi," msikilizaji akasema. "Chanjo: zote zimekamilika. Uzito katika miezi kumi na minne: kilo tisa na nusu. Baada ya hapo hakuna mahudhurio kwa karibu miaka mitatu. Uzito katika miaka minne: kilo kumi na moja. Maoni ya mhudumu: mtoto amedumaa. Magonjwa: degedege, mara mbili, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na tatu. Alipona."

Ungo ukagonga sakafu. Mchele ukamwagika mpaka kwenye viatu vya Ester.

"Hilo neno halitajwi mbele ya mtoto," mama mkwe wangu akamwambia msikilizaji. Alikuwa amesimama. "Hujafundwa?"

"Niwie radhi, bibi," msikilizaji akasema. "Je, taarifa hizi ni sahihi?"

Nilisikia kinywa changu kikisema ndiyo.

Ester alipiga magoti kumsaidia bibi kuokota mchele, na alikuwa bado chini pale nilipomuuliza. "Hiyo… hayo mambo ya mara mbili. Huwa mnayatibuje?"

"Tunaweka kidonge chini ya ngozi, hapa mkononi. Kinatoa dawa kidogo kidogo safari nzima. Kazi yake ni kuutuliza ubongo unaotaka kushtuka."

"Na kama mtoto hakuwahi kuugua?"

"Kama ni kosa la kadi?"

"Nauliza tu."

Aliendelea kuokota punje, moja moja. "Basi dawa haina wa kupigana naye, Mama Kidawa. Itapigana na mtoto. Ubongo uliotulia ukitulizwa miezi minane… wako walioamka hawajui majina yao. Wako ambao hawakuamka. Na dozi inafuata umri. Ya mtoto wa miaka saba si ya mtoto wa miaka mitano."

Hakunitazama aliposema mitano.

"Ndiyo maana tunauliza," akasema huku akijifuta magoti. "Tunachosha watu, najua. Lakini kampuni isiyokuuliza haikusudii kukujibu. Nitarudi Ijumaa, saa kumi, kuchukua dole gumba. Msikilizaji nakuachia. Ukikumbuka jambo, mwambie."

3

Nitalieleza mara moja, maana sijui namna ya kulieleza mara mbili.

Kidawa wa kwanza alipata yale mambo akiwa na miezi kumi na moja. Tulimkimbiza kituo cha afya, akachomwa sindano, akapona. Miezi miwili baadaye yakarudi. Tukamkimbiza tena, akachomwa tena, akapona, lakini safari hiyo alilegea siku tatu. Mama mkwe wangu alisema ni sindano. Alisema mtoto mwenye ugonjwa ule akichomwa sindano hufa, kila mtu anajua, sisi tumeponea chupuchupu mara mbili. Kwa hiyo ilipokuja ya tatu, saa nne asubuhi, tulimpeleka kwa mganga, akamfukiza. Saa saba mchana mtoto alikuwa ametulia. Tukadhani amepona.

Tulimzika alasiri ile ile, nyuma ya shamba la mkonge. Hakuna aliyefikiria ofisi ya vizazi na vifo. Ofisi hupelekewa habari na watu wenye nguvu za kutembea, na sisi hatukuwa nazo. Namba yake ya usajili ikabaki hai.

Miezi kumi baadaye nilijifungua nyumbani mtoto wa kike. Paji la uso lile lile. Siku ya saba, siku ya kumtoa nje na kumpa jina, mama mkwe wangu alifungua kopo la biskuti tunamowekea karatasi, akatoa ile kadi, akaiweka kifuani kwa mtoto. "Ni yule yule," alisema. "Amerudi. Jina lake na kadi yake vilikuwa vinamngoja."

Si kwamba niliamini. Nilikuwa nimechoka, na neno *amerudi* lilikuwa jepesi kubeba kuliko lile jingine. Mume wangu naye alinyamaza. Baadaye tukaanza kumwita Mdogo, na hakuna aliyeuliza mkubwa ni nani.

Kliniki hatukumpeleka, kwa sababu kadi ilisema chanjo amemaliza. Nilimpeleka mara moja tu, akiwa na miaka miwili, na kadi ikasema ana minne, na nesi akanigombeza mbele ya watu kwamba simlishi mwanangu.

Nikakubali kugombezwa. Kadi inajua degedege mara mbili. Ya tatu naijua mimi na mama mkwe wangu, na hatujawahi kuizungumza.

4

Ujumbe wa Mhina, mume wangu, uliingia Alhamisi asubuhi. Mtu aliyeko Mirihi huwezi kumkatiza maneno. Mnapelekeana sauti, na kila sauti inatembea dakika kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, kwa hiyo kila mmoja hujifunza kusema mambo yake mpaka mwisho.

"Asalaam aleikum, Mama Kidawa. Hapa kwetu tumeyeyusha barafu wiki nzima, mikono imekuwa kama ya kenge. Sikia kichekesho. Stoo wamenipa kitanda cha mtoto, wamefuata kadi, cha miaka saba. Kirefu kama jahazi! Nimekikata miguu ili aweze kupanda mwenyewe. Jirani akaniuliza, nikamwambia kwetu watoto ni wafupi." Akacheka, kisha nikasikia mashine zikiunguruma nyuma yake. "Najua unachokifikiria. Nakujua wewe, ukinyamaza hivyo unasoma. Chukua ya Semboja. Au acha kadi iseme inavyosema, bibi yake amwombee dua, mje. Kikipita chombo hiki cha abiria, kingine ni miezi ishirini na sita. Siwezi, mke wangu. Nimesahau harufu ya kichwa chake."

Niliusikiliza mara tatu. Nilikuwa nangoja kuhisi kitu. Nilichohisi ni kwamba sakafu ilikuwa baridi.

Mchana nilikwenda bombani na mama mkwe wangu, ndoo mbili mbili. Watoto walikuwa wamekusanyika kwenye jiwe la kufulia, na Mdogo kasimama juu yake kama mbunge.

"Mimi nilipata degedege mara mbili!" alikuwa akisema. "Nikapona! Nyie je?"

"Mimi nilivunjika mkono," mmoja akasema.

"Mkono si kitu. Mimi nikilala kwenye chombo, mwili wangu utakumbuka degedege."

"Inakuwaje?"

"Inakuwa hivi."

Akakaza mikono. Akageuza macho mpaka yakabaki meupe. Akarudisha shingo nyuma, nyuma kabisa, meno yamebana, na mguu mmoja ukawa unatingishika.

Hajawahi kuona mtu mwenye ugonjwa ule. Aliubuni tu, na aliupatia.

Nilitua ndoo. Sikukimbia, nilitembea. Nikamshusha kutoka kwenye jiwe, nikamshika uso, nikamwambia aache. Aliacha mara moja, akaniangalia kwa mshangao. "Si ndivyo kadi ilivyosema, mama? Mimi nilikuwa naikariri ili nisikosee."

Nilipogeuka, mama mkwe wangu alikuwa amekaa chini, kwenye tope la bomba, kanga imelowa mpaka kiunoni, na maji yakifurika kutoka kwenye ndoo yake.

5

Alibadili kanga, akaketi mlangoni na ungo wake. Mchele ulikuwa umeshachaguliwa jana. Aliuchagua tena.

"Mama," nikasema, "kesho nitamwambia yule msikilizaji."

"Ukimwandika amekufa, utakuwa umemuua mara ya pili."

Nikaketi kizingitini, karibu naye.

"Na mumeo anakungoja. Miezi ishirini na sita ni mingi, mwanangu. Mwanamume peke yake, kwenye barafu." Akatupa chuya moja nje. "Na watakuuliza amekufaje."

"Wataniuliza mimi, mama."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia tulimpeleka kwa mganga."

Mikono yake ikasimama.

"Tulimpeleka," nikasema. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Njia yote. Hakuna aliyenifunga kamba."

Kuku waliingia, wakadonoa chuya, wakatoka.

"Alikuwa mzito," akasema mwishowe.

"Kilo tisa na nusu."

"Tisa na nusu," akarudia, akiitikia kwa kichwa, kana kwamba tumekubaliana juu ya jambo ambalo tulibishana miaka yote.

6

Ijumaa saa kumi Ester alivua viatu mlangoni, akaketi, akatoa kibao cha dole gumba. Nikamchukua msikilizaji mikononi. Mdogo nilikuwa nimemtuma kwa jirani, akakataa, kwa hiyo alikuwa pale kwenye mkeka, akilala na kuamka.

"Nataka kurekebisha," nikasema.

"Taja sehemu ya kurekebisha," msikilizaji akasema.

"Yote."

Nikaanza. Nilisema kama ninavyosoma masharti, kuanzia chini. Huyu ana miaka mitano. Hajawahi kuugua zaidi ya mafua na upele. Hajadumaa. Hajachanjwa. Kadi si yake. Kadi ni ya dada yake, aliyeitwa Kidawa, aliyekufa akiwa na miezi kumi na minne. Mdogo aliacha kuhesabu alipofika tano, akabaki amefumba macho, akisikiliza.

"Marehemu alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Degedege. Ya tatu. Haikuandikwa."

Nilimtazama mama mkwe wangu. Neno lilikuwa limetajwa mbele ya mtoto, na kwa kinywa changu. Aliinamia ungo wake.

"Alipelekwa wapi?" msikilizaji akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe wangu alisema, bila kuinua kichwa, "Kwa mganga. Andika kwamba bibi yake ndiye aliyekataza sindano."

"Tulikuwa wote," nikasema.

"Andika hivyo nilivyosema mimi."

"Nimeandika yote mawili," msikilizaji akasema.

Ester alikuwa amekishika kile kibao cha dole kwa mikono miwili. Nilidhani ataniita mwongo, na nilikuwa tayari, kama nilivyokuwa tayari siku nesi aliponigombeza.

"Baada ya dole, haya yangekuwa uongo," alisema. "Ningekuandika, na usingesafiri tena maisha yako yote, wewe wala mtoto. Kabla ya dole ni marekebisho tu. Umewahi kwa dole moja, dada." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada. "Lakini Jumatatu hamwendi."

"Najua."

"Mtoto huyu hana historia. Mtu asiye na historia hatumlazi, hatujui kitanda kimngojee na nini. Achanjwe zote. Apimwe kila mwezi, miezi ishirini na nne mfululizo, na kifo cha dada yake kiandikishwe. Nafasi zenu zitakwenda kwa wengine. Nyingine siwezi kukuahidi."

"Chombo kingine ni baada ya miezi ishirini na sita."

"Ndiyo."

Tukapiga hesabu ile ile, wote wawili. Ilibaki miezi miwili. Ester akakirudisha kibao mkobani kikiwa kisafi.

Mdogo akafumbua macho. "Kwa hiyo mimi sikuugua?"

"Hukuugua."

"Hata mara moja?" Alionekana kuvunjika moyo kidogo. Kisha akauliza, "Na huyo mwingine alikuwa anacheza nini?"

Nilifikiri. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali lile. "Alipenda vifuniko vya sufuria," nikasema. "Alikuwa anavigonga."

Wakati wa magharibi nilimtumia Mhina ujumbe. Nilimwambia yote mpaka mwisho, maana hakuna kukatizana. Mwisho nikamwambia: "Kitanda kirudishie miguu. Tukija atakuwa na miaka saba ya kweli, na zaidi."

Ilipita nusu saa na zaidi. Kilichoingia kwanza kilikuwa pumzi tu, ndefu, na mashine zikiunguruma. "Nimesikia, Mama Kidawa," akasema. Nikadhani amemaliza. Halafu: "Ile miguu sikuitupa. Nitaiunga."

7

Jumatatu asubuhi benchi la kliniki lilikuwa limejaa akina mama na vichanga. Mimi nilikuja na mtoto mwenye meno yote na mdomo usiofunga, na mama mkwe wangu aliyevaa kanga yake ya kwendea harusini.

Njiani tulikuwa tumekutana na Semboja. Alikuwa amesikia. "Shemeji, umenivunjia wateja," alisema, lakini hakucheka, na alitembea nasi hatua kadhaa. "Ile karatasi niliyokuachia, bado unayo? Naomba niisome vizuri. Mke wangu nimemwandikisha hiyo hiyo, kwa chombo kijacho."

Nilimwambia iko chini ya kopo la chumvi. Akaenda upesi.

Nesi alikuwa kijana, na kadi mpya mbele yake, tupu, inayonukia wino.

"Mtoto wa ngapi?"

Vioo vya kliniki vikaanza kulia. Chombo cha abiria kilikuwa kinapaa kutoka pwani, chenye nafasi mbili zilizokuwa zetu. Vichanga viwili vikalia. Safari hii niliinua kichwa. Kupitia dirishani niliona mstari mweupe ukipanda, mwembamba kama uzi wa katani, ukipanda mpaka haukuonekana.

"Mama, ni mtoto wa ngapi?"

"Wa pili," nikasema.

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Alikufa. Anaitwa Kidawa."

Akaandika. "Na huyu?"

"Kidawa."

Kalamu ikasimama. Mama mkwe wangu akajisogeza mbele. "Mdogo," akasema. "Andika Kidawa Mdogo. Mkubwa yupo nyuma ya shamba la mkonge, nitawapeleka hao watu wa ofisi mimi mwenyewe."

Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye suruali ya kitambaa ya kutumbukizia watoto wachanga. Mdogo alilazimika kusukumwa ndani yake kama gunia. Miguu yake iligusa chini. "Kunja magoti, bi harusi," nesi akamwambia, akakunja, akaning'inia, akazunguka, akacheka mpaka mshale ukakataa kutulia, na akina mama kwenye benchi wakacheka naye. Kilo kumi na sita na nusu. Nesi aliweka nukta moja kwenye kadi tupu, nukta yake ya kwanza.

Kisha akavunja shingo ya kichupa na kuvuta dawa.

Nilitaka kumpakata mimi. Mama mkwe wangu alinizuia kwa mkono, akaketi, akamvuta Mdogo mapajani pake, akamfunika kwa ile kanga ya harusini. Aliuweka mkono wake juu ya bega la mtoto. Hakuuondoa.

"Mke mwenzangu," akasema kwa sauti ndogo, "tufumbe macho."

Wakafumba wote wawili. Mdogo akaanza kuhesabu, kama anavyohesabu kwenye mkeka. Moja. Mbili. Sindano iliingia kwenye tatu, akashtuka, akaguna, akaendelea. Nne. Tano. Midomo ya bibi yake ilikuwa ikihesabu naye. Alipofika nane, Mdogo alifumbua macho, akauangalia mkono wake, akamwangalia nesi, akaniangalia mimi. Bibi yake alikuwa bado amefumba, kamkumbatia kwa nguvu, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Mdogo akamgusa kope kwa kidole kimoja.

"Amka, mke mkubwa," akamwambia. "Tumeshafika."